Mistari Kumi kwa Kila Dini

Niseme upumbavu wangu kwanza, nimalize, maana hata nikinyamaza wanaonifahamu watausema. Ramadhani iliyopita niliandika kwenye gazeti la ukutani la shule yetu kwamba yule baba anayechinja ng'ombe wa mji mzima wa Babati nimemwona kwa macho yangu, mchana kweupe, amejibanza nyuma ya bucha anakunywa maji ya bomba. Mistari mitatu tu. Pembeni nikachora kikatuni: mtu mwenye kofia na kanzu, kisu mkononi, mdomo kwenye bomba kama ndama anayenyonya. Nikabandika, nikarudi zangu nyumbani Maisaka nikipiga mluzi.

Sasa nieleze nilifikaje hapo, maana sikufika peke yangu, nilifikishwa. Sisemi sikukosa. Nasema nilisaidiwa sana kukosa, tena na watu wenye akili kuliko mimi, waliokaa vitini wakijadiliana wiki nzima kuhusu haki.

Gazeti lenyewe msilitukuze. Lilikuwa ubao wa mbao nje ya darasa la kidato cha tatu. Karatasi zilikuwa hazipatikani, kama vile sabuni na chumvi na kila kitu kingine vilivyokuwa havipatikani, kwa hiyo tuliandika nyuma ya kalenda za miaka iliyopita. Gundi nayo hakuna. Tulibandika kwa uji wa unga wa njano, ule wa msaada, ambao nyumbani tuliula tukiwa tumenuna lakini kwa kubandika karatasi haukuwa na mpinzani. Shida ilikuwa mbuzi wa mlinzi. Toleo la kwanza walilamba uji, kisha wakaona wasiishie hapo, wakala na tahariri.

Kamati ilikuwa ya watu watatu na mlezi. Mwenyekiti alikuwa Mkatoliki wa kutoka Dareda, mvulana mpole ambaye tayari alikuwa anatembea kama padri, mikono nyuma. Katibu alikuwa msichana Mwislamu, mwenye mwandiko ambao ukiuona unaona aibu kushika kalamu. Mimi Mlutheri nilipewa vichekesho, kwa sababu walimu waliona heri nicheke kwa maandishi kuliko darasani. Mlezi wetu alikuwa mwalimu wa Siasa, mtu wa kuita kila kiumbe “ndugu”. Hata wale mbuzi aliwafukuza kwa kuwaita ndugu.

Vichekesho vyangu vilianzia nyumbani. Nilimwandika mjomba wangu, kaka yake mama, ambaye ni mzee wa kanisa. Lilikuja robota la mitumba kutoka kwa wafadhili, akatangaza kanisani kwamba safari hii zimeletwa nguo za watoto tu. Alitangaza huku amevaa koti la manyoya, la nchi za theluji, mwezi wa Januari, jasho linamtiririka hadi kwenye kitabu cha nyimbo. Mchungaji alikisoma kile kichekesho siku alipokuja shuleni, akacheka hadi akatafuta pa kushika. Mjomba mwenyewe alicheka, akanipiga kofi la mgongo ambalo hadi leo sijui lilikuwa la furaha au la hasira. Bibi yangu naye alituma ujumbe kutoka Mbulu: “Koti si jeusi, ni la kahawia. Sahihisha.”

Wakatoliki nao nikawapa zamu yao. Mwenyekiti mwenyewe alinipa habari, tena kwa raha kabisa: katekista wa kwao aliyekuwa akifundisha watoto kwamba kuruka foleni ni dhambi, wakati mke wake kila sukari ikija yuko wa kwanza dirishani, rozari shingoni. Watu wakacheka. Hakuna aliyeumwa.

Ndipo katibu akauliza swali lililoharibu kila kitu.

“Na sisi je?”

“Nyie akina nani?” nikamuuliza.

“Waislamu. Mmeandika Walutheri, mmeandika Wakatoliki. Sisi hatuishi hapa? Hatupangi foleni?”

Mwenyekiti akakohoa. “Hao tuwaache tu.”

“Hao nani? Mimi nimekaa hapa mbele yako.”

“Si wewe. Wao.”

“Mimi ndio wao.”

“Sikiliza, dada yangu. Ukimwandika padri, padri anasamehe. Ukimwandika shehe…”

“Atafanya nini?”

“Sijui. Nasema tu.”

“Umeshawahi kumwandika?”

“Hapana.”

“Sasa umejuaje kama hasamehi?”

Mwenyekiti akaangalia dari. Dari lenyewe halikuwepo, aliangalia mabati.

Mimi nikajitosa, kwa sababu ugomvi ukiwepo siwezi kukaa nje. Nikasema ni haki bin haki: kama Mlutheri anachekwa, wote wachekwe. Kuwaruka Waislamu ni kuwaogopa, na kumwogopa mtu ambaye hajakufanya kitu ni kumtukana. Nilisema vizuri, nikajipenda. Katibu akanitazama.

“Na wewe Uislamu unaujua nini?”

“Najua mnafunga. Mnaswali. Mnachinja. Hamli nguruwe.”

“Hayo hata mbuzi wa mlinzi wanayajua. Hasa hilo la kuchinja.”

Tulibishana siku hiyo na kesho yake na keshokutwa. Mwenyekiti alitaka tuwaache, kwa amani. Katibu alitaka tuwaandike, lakini kwa kweli. Mimi nilitaka tuandike, hayo ya kweli yatajulikana mbele ya safari. Kila mtu alirudia yaleyale kwa sauti kubwa zaidi, hadi nikaanza kutamani kipindi cha hesabu. Mwisho tukampelekea mwalimu wa Siasa, naye akaja na rula.

Sitanii. Alikuja na rula ya mbao ya ubaoni.

“Ndugu zangu,” akasema, “taifa letu halina dini. Watu wake ndio wenye dini. Kwa hiyo usawa. Kila dini mistari kumi. Si tisa, si kumi na moja. Asiwepo wa kulalamika.” Akapima kalenda, akachora mistari kwa penseli, akaondoka ameridhika kama mtu aliyesuluhisha vita.

Nilichoka pale pale. Kichekesho si sukari ya duka la ushirika, kwamba kila kaya kipimo kimoja, hata kama kaya moja ina watu wawili na nyingine ina ukoo mzima. Walutheri ningewaandika mistari mia, nimelelewa humo, nawajua hadi wanavyosinzia. Waislamu nilikuwa nawajua kwa kupitia dirishani. Lakini nani atabishana na rula?

Katibu akaniokoa. Alinipa mtu. Alinipa mfanyabiashara mmoja wa mjini, mwenye tasbihi ndefu, ambaye mwaka mzima sukari anailalia chini ya godoro na kuwauzia watu kwa bei ya ulanguzi, halafu Ramadhani ikifika anasimama mlangoni mwa msikiti anagawa tende mojamoja, na kila akigawa anakohoa ili aonekane.

“Huyo hata sisi tunamcheka,” akasema. “Mama yangu akimwona anakohoa, na yeye anakohoa. Muandike.”

Nilimwandika. Katibu alisoma, akacheka kwa kuziba mdomo na daftari, akarekebisha neno moja. Ilitoka mistari saba.

“Imebaki mitatu,” nikasema.

“Iache.”

“Mwalimu kasema kumi.”

“Mwambie Waislamu wameshiba.” Akachukua mfuko wake akaenda kumsaidia mama yake futari. Mwenyekiti alikuwa ameshaenda ibada. Nikabaki na kopo la uji, kalenda, na ule uwazi.

Nilijua yatakayosemwa. Kwamba kwenye toleo hili Walutheri na Wakatoliki nimewapa kumi kumi, Waislamu nimewaogopa. Na mwenyekiti atasema “nilikwambia”, neno ambalo nikilisikia huwashwa mwili mzima. Ndipo nikakumbuka Jumamosi ile nilipotumwa nyama, nikiwa kwenye foleni kwenye kona ya bucha, nikamwona yule baba mchinjaji nyuma kule bombani. Nilichokiona kilikuwa kirefu kuliko mistari mitatu. Nikakipunguza kikaenea.

Na ndiyo, nilijua kwamba mchinjaji ni baba yake katibu. Mji wenyewe huu, nani hajui nani ni baba wa nani? Nilifikiri atacheka. Mimi si nilimwandika mjomba wangu? Nikaona hapo ndipo usawa ulipokamilika hasa: mimi mjomba, yeye baba. Hiyo ndiyo akili niliyokuwa nayo.

Jumatatu asubuhi palikuwa na umati kwenye ubao. Walicheka kuliko siku zote, na mimi nikasimama nyuma kujipongeza. Lakini kulikuwa na kitu kwenye kile kicheko ambacho sikukipenda, na ilinichukua muda kukijua. Nilipomwandika mjomba na koti lake, watu walisema, “Ndivyo alivyo yule mzee.” Safari hii wavulana wa bweni wakawa wanasema, “Si nilikwambia? Ndivyo walivyo.” Walivyo! Mtu mmoja, bomba moja, na tayari ni wote. Wala yule wa tende hawakumgusa. Yeye alikuwa mwizi wa kawaida, hakuwa na ladha.

Katibu alikuja, wakampisha. Alisoma yote hadi mwisho. Hakuchana.

“Nilikupa mlanguzi,” akaniambia. “Nikakupa mtu mzima mzima, tayari, umle. Wewe ukaenda kumchukua baba.”

“Ni utani.”

“Baba anafunga.”

“Nilimwona, lakini.”

“Ulimwona anafanya nini?”

Nikafungua mdomo, kengele ikalia, nikashukuru kengele. Karatasi niliibandua mchana, nikidhani mambo yataisha. Lo! Karatasi inabanduliwa, maneno yana miguu.

Niwaeleze jambo ambalo mtu wa hapa hahitaji kuelezwa. Kwetu Mkristo anaweza kumfuga ng'ombe, akamlisha, akamuuza na akamla. Kumchinja kwa ajili ya watu, hapana. Bucha zote anachinja Mwislamu. Hata harusi yako ya kanisani, na kwaya na vinanda, unamwita Mwislamu ashike kisu, ili kila jirani aweze kula sinia moja na mwenzake. Kwa hiyo mtu huyu hachinji tu. Kisu chake ndicho kinachotuweka wote mezani. Na kisu hicho hakisimami juu ya kitu kingine chochote isipokuwa jina lake zuri.

Wanafunzi wa kutwa walibeba kile kichekesho hadi majumbani, Sigino na Nakwa na kwingineko. Kufika katikati ya wiki mchinjaji alikuwa hanywi maji tena, alikuwa anakula. Kufika mwisho wa wiki alikuwa anakula maini mabichi, amechuchumaa. Bucha ikaanza kuwa na nafasi. Mtu anauliza, “Hivi asiyefunga, bismillahi yake ina uzito gani?” Mwingine anajibu, “Miaka yote hii pengine anatulisha vibudu.” Kibudu ni nyama ya mnyama aliyekufa bila kuchinjwa inavyotakiwa, na kwa mchinjaji hakuna tusi linalozidi hilo. Wazee wa msikiti wakamwambia aweke kisu chini kwanza, hadi jambo litazamwe. Bucha ikafunga. Ikasemwa atatafutwa mchinjaji mwingine huko njia ya Kondoa.

Na nyumbani kwetu dume lilikuwa limefungwa uani.

Dada yangu alikuwa anaolewa Jumamosi baada ya Idi. Mama ndiye aliyesogeza mbele siku, nusura wakwe wakasirike, ili majirani Waislamu wawe wameshamaliza mfungo waweze kula mchana. Nao majirani walikuwa wamemchangia sukari. Kila nyumba ilileta kikombe kutoka kwenye mgawo wake, mgawo ambao wenyewe haukuwatosha, wengine wakati wa mfungo, wakati sukari ndiyo uhai wa uji wa futari. Sasa waje wakae harusini, wapige vigelegele, wanywe chai ya sukari yao wenyewe, na nyama wasiiguse? Baba alikuwa Mbulu akimuuguza babu. Kila kitu kilikuwa mabegani mwa mama.

Mama aliipata habari kwenye foleni ya sabuni. Nilijua kwa sababu alirudi bila sabuni, na mama yangu hajawahi kutoka foleni kabla dirisha halijafungwa.

“Ulimwona?” akaniuliza.

“Nilimwona.”

“Anakunywa?”

“Alikuwa na maji mdomoni.”

“Nimekuuliza, anakunywa?”

“Mama, ulikuwa utani tu.”

Alitoka akaenda uani, akasimama karibu na dume, akawa analiangalia kama vile ndilo limekosa.

Mimi nikaenda kutafuta suluhu kwenye kamati, mjinga mimi. Katibu hakuwepo, alikuwa ameacha kuja. Nikasema tuandike kuomba radhi. Mwenyekiti akaweka mikono nyuma.

“Tukiwaomba radhi Waislamu, Wakatoliki watauliza mbona wao hawakuombwa.”

“Wakatoliki mliumwa wapi? Wewe ndiye uliyenipa yule katekista!”

“Mimi sijasema niliumwa. Nasema usawa.”

Na mwalimu wa Siasa, nawaapia, akainuka akaichukua rula. “Radhi iwepo, ndugu. Mistari mitatu kwa kila dini.”

Nilitoka nje nikapiga ukuta teke, ukuta haukuumia.

Kesho yake nikajaribu kwa mdomo. Nikasimama kwenye foleni ya mafuta ya taa, watu wamejaa, nikapaza sauti nikasema yale niliyoandika kuhusu mchinjaji si kweli. Walicheka! Mama mmoja alishika mbavu. “Huyu mtoto naye! Hebu rudia ile ya bomba.” Nikasema kwa ukali kwamba sichekeshi. Wakacheka zaidi, wakasema ninaigiza vizuri. Ukiwa umewazoesha watu kwamba kila unachosema ni mzaha, siku ukiwa na neno la kweli huna pa kuliweka.

Siku iliyofuata, baada ya swala ya alasiri, mama alijifunga kitenge chake cha kanisani, akanishika mkono wa shati, akanipeleka msikitini. Hakuniambia tunakwenda wapi. Tulipofika akabisha, akasalimu, akasema, “Nimewaletea shahidi wenu. Muulizeni.” Akasimama nje ya ua, kanga ya begani ameivuta hadi kwenye kidevu.

Wazee walikuwa mkekani barazani. Mchinjaji alikaa mwisho kabisa, peke yake. Ni mtu mkubwa, mabega kama mlango, lakini siku ile mikono yake ilikuwa kama haijui ikae wapi, mara magotini, mara ubavuni. Aliyeniuliza alikuwa mzee mwembamba mwenye haraka, midomo imekauka kwa saumu, naye alionekana amechoshwa na jambo zima kuliko hata mimi.

“Ulisimama wapi?”

“Kwenye kona, baba, kwenye foleni ya nyama.”

“Saa ngapi?”

“Mchana. Adhana ilikuwa imetoka.”

“Aliweka mdomo kwenye bomba?”

“Hapana. Alikinga maji kwa kiganja.”

“Umechora mdomo kwenye bomba.”

“Ilikuwa inachekesha zaidi.”

Mzee akafumba macho, akayafumbua. “Akaweka maji mdomoni?”

“Ndiyo.”

“Akameza?”

Nilitamani kengele ya shule. Huko hakuna kengele.

“Alitema,” nikasema.

“Alitema.”

“Ndiyo. Alitia tena, akatema tena. Halafu akavuta maji puani. Halafu akaosha uso, na mikono hadi hapa kwenye viwiko. Akapaka maji kichwani. Halafu akaosha miguu.”

Mtu mmoja nyuma akatoa mcheko mfupi, wa mtu aliyekanyaga mwiba.

“Na wewe ulidhani anafanya nini?”

“Nilidhani anajiosha damu, baba. Alikuwa ametoka kuchinja.”

“Kwa hiyo uliyaona yote. Kutema umekuona, miguu umeiona. Mbona hukuandika?”

“Nafasi ilikuwa mistari mitatu.”

Sikuwa nachekesha. Ndiyo ilikuwa kweli yenyewe, na nilipoisikia inatoka kinywani mwangu nikaona heri ningekuwa nachekesha. Alikuwa anatawadha, jamani. Mtu aliyeacha kazi yake akaenda kujitakasa aswali, mimi nikamkata pale kwenye kutema, nikabakiza maji mdomoni.

Mzee akageuka kwa wenzake. “Mmesikia. Mpeni mtu kisu chake. Jua hilo linazama, na mimi sijapata hata kipande cha muhogo cha kufuturia.”

Nikadhani yameisha. Lakini mchinjaji akasema, na hakusema nami. Alisema na wale wazee.

“Siku zote hizi nimekaa nyumbani. Idi ngapi nimewachinjia? Watoto wenu wangapi nimewachinjia akika? Na hakuna hata mmoja aliyekuja kuniuliza mimi. Imebidi aje mtoto wa Kilutheri, msema hovyo, awaambie kama nilitema.”

Yule mzee mwenye haraka ghafla hakuwa na haraka tena, alikuwa anachezea nyuzi za mkeka. Nilikuwa nimejiandaa kutukanwa mimi. Kumbe nami sikuwa hata wa kutukanwa, nilikuwa kitu kilichopita tu kikawaonyesha wao kwa wao. Nilisema, “Baba, nisamehe.” Aliinua mkono kidogo, sikujua kama ananisamehe au ananifukuza kama nzi.

Njia nzima mama alitangulia mbele.

Jumamosi ya harusi mchinjaji alikuja asubuhi, kama alivyokuwa ameahidi tangu zamani. Tuliliangusha dume mimi na binamu zangu, tukaligeuza kichwa upande wanaoelekea Waislamu wanaposwali. Akataja jina la Mungu, akapitisha kisu mara moja. Hakuna kazi safi kama ile. Ilipofika mchana watu wote walikula, mjomba amevaa koti lake lile lile, amekaa sinia moja na majirani wa msikitini, jasho linawadondokea wote. Hata mwenyekiti alikuja, akala kwa mikono yote miwili, usawa.

Katibu alikuja na mama yake kusaidia kupika. Nilimvizia akichota maji.

“Utarudi kwenye kamati?”

“Tafuteni mwenye mwandiko mwingine.”

“Na sisi tukitaka kuandika tena kuhusu Waislamu?”

“Andikeni. Nani kawakataza?” Akajitwisha ndoo. “Ila msinitafute mimi kuwauliza. Nimechoka kuwa Waislamu wote.”

Akaenda zake. Nimelifikiria neno hilo hadi kichwa kimeniuma, na bado sijui jibu. Nikiwaruka, ni dharau. Nikiwaandika kwa kuchungulia, ni dharau nyingine. Nikitaka kuwajua, lazima nimchoshe mtu. Mwalimu wa Siasa anasema suluhu ni mistari mitano mitano. Namwachia rula yake.

Baba yake katibu ndiye aliyenikaa rohoni. Alipomaliza kuchinja aliosha kisu chake, akakifunga kwenye kitambaa. Mama akamkaribisha chai, ile ya sukari. Akashukuru, akasema ana kazi, akaondoka. Kwa desturi shingo ni ya mchinjaji, huiombi wala hupewi, unajichukulia tu. Hakuichukua.

Jioni, watu wamepungua na masufuria yanasuguliwa kwa majivu, mama aliiona shingo iko pale pale kwenye sinia, imefunikwa. Alisimama nayo kidogo. Halafu akaifunga vizuri kwa majani ya mgomba, akaniita, akaniwekea mikononi. Hakupaza sauti wala hakunikunjia uso. Nayaandika maneno yake yote, sijapunguza:

“Mpelekee kwake. Piga hodi, mwamkie, mpe kwa mikono miwili. Akikwambia ondoka, ondoka. Akikwambia kaa, kaa mpaka akuchoke yeye. Na usimchekeshe.”